Nyama ya Idi ya mwaka juzi: ipikwe au itupwe?

MASWALI YA JIKONI

Barua za safari hii nyingi zimetoka Mwanza mjini na ng'ambo ya ziwa, na karibu zote zina friza ndani yake. Tumezifupisha bila kubadilisha maana.

SWALI: Nikisafisha friza yetu, ile kubwa ya mfuniko wa juu, nimekuta chini kabisa mfuko wa nyama ya ng'ombe ya Idi ya kuchinja ya mwaka juzi, kama kilo nne. Haina harufu yoyote, ila ina mabaka meupe kama imepakwa chokaa, na ndani ya mfuko kuna barafu laini kama unga. Baba watoto anasema itupwe. Mama mkwe anasema nyama ya sadaka haitupwi. Mnasemaje? (Mama wa watoto wanne, Igoma)

JIBU: Mama mkwe anaweza kuwa na haki, lakini kuna jambo moja barua yako haikulitaja, nalo ndilo linaloamua: tangu Idi ile, friza imewahi kuzima kwa siku nzima au zaidi?

Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawaongezeki. Wengi hawafi, wanasimama tu wakisubiri joto. Kwa hiyo nyama iliyoingia frizani ikiwa nzima na ikabaki kwenye baridi hiyo mfululizo haigeuki sumu kwa sababu ya kukaa, iwe imekaa miezi 6 au 20. Miezi mnayoiona imeandikwa huku na huku ni ya utamu: vipande vya ng'ombe miezi 4 hadi 12, nyama ya kusaga miezi 3 au 4, maini na figo vivyo hivyo, kuku mzima mwaka, kuku wa vipande miezi 9, nyama iliyokwisha kupikwa miezi 2 au 3. Ukiipita miezi hiyo unakula nyama iliyochoka, basi.

Mabaka meupe ni nyama iliyokaushwa na baridi. Barafu iliyo juu ya nyama hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na mvuke ule hutua upande wa ndani wa mfuko na kuganda tena. Huo unga wa barafu unaouona ni maji ya nyama yenyewe. Panapobaki pale juu ni kama sifongo kavu: hata ukichemsha hapalainiki, na mafuta ya jirani yake huota harufu ya kukaa. Hapamdhuru mtu. Pakate wakati nyama bado imeganda nusu, ndipo kisu kinapita vizuri. Mara nyingi nusu sentimita inatosha, na penye kijivu endelea mpaka ukutane na wekundu. Inayobaki ni ya mchuzi au supu. Mishikaki usijaribu, mtatafuna mpaka taya ziume.

Chanzo huwa ni mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi hutoka buchani na nyama kwenye mfuko mbadala, ule wa kitambaa-kitambaa, na kuitumbukiza frizani humo humo. Mfuko ule unapitisha hewa kama chandarua. Nyama ya kukaa ifungwe kwenye nailoni nene ya vyakula, hewa ikamuliwe yote kwa kiganja, kisha itiwe mfuko wa pili au chombo chenye mfuniko unaobana.

Sasa ukaguzi wenyewe. Uanze nyama ikiwa bado jiwe, maana ikishayeyuka ushahidi umekwenda. Geuza mfuko utazame kitako chake. Ukikuta maji ya damu yamejikusanya na kuganda kama kisahani chekundu, nyama hiyo iliwahi kuyeyuka ikaganda tena. Vipande ulivyoviweka mbalimbali vikiwa sasa bonge moja lililochukua umbo la kona ya friza, maana ni ileile. Kagua na majirani zake. Kama watoto wana barafu za ubuyu humo, tazama moja: isiyowahi kuyeyuka ni ya duara na rangi yake ni sawa juu mpaka chini, iliyoyeyuka imelala bapa, wekundu na sukari vimeshuka upande mmoja, na upande wa pili umebaki mweupe.

Ikipita hapo, iyeyushe kwenye friji, ndani ya bakuli, rafu ya chini kabisa ili isidondoshe maji yake kwenye mboga. Kilo mbili huchukua siku nzima. Asiye na friji aizamishe ikiwa ndani ya mfuko usiovuja kwenye beseni la maji baridi, abadilishe maji kila nusu saa, ahesabu kama saa moja kwa kila nusu kilo, na ikilainika iende sufuriani hapo hapo. Mtindo wa kuiacha juu ya sinki usiku kucha muuache. Nje inalainika kwanza, na wakati katikati bado ni jiwe, ngozi ya juu imeshakaa saa nyingi kwenye joto la nyumba, na huko juu ndiko bakteria walikolala.

Baada ya kuyeyuka ndipo pua ifanye kazi. Umesema haina harufu, lakini hilo kwa sasa halina uzito: nyama iliyoganda hainuki vya kutosha hata kama ilioza kabla ya kugandishwa. Inuse upya. Harufu kali ya uchachu, ya mayai viza au ya kubana pua kama mkojo uliolala, itupe. Pitisha kidole: majimaji ni kawaida, utelezi unaonata na kuvutika kama bamia si kawaida. Rangi ya kahawia haina tatizo, ni wekundu wa msuli uliokutana na hewa. Ukijani pamoja na utelezi, tupa.

Kumbuka tu kwamba pua ni shahidi wa upande mmoja. Ikisema nyama ni mbaya, iamini. Ikisema ni nzuri, haijamaliza kesi, kwa sababu bakteria wanaoleta harufu si walewale wanaoleta kuhara na kutapika; salmonela hana harufu. Ndiyo maana tumeanza na umeme na kitako cha mfuko. Suala la sadaka tunamwachia shehe.

SWALI: Tulikwenda msibani Nansio siku tano. Nyuma huku luku ikaisha, jirani akanunua umeme na kuingiza, lakini hakumbuki vizuri ilikuwa imezima tangu lini. Tumerudi, kila kitu kimeganda vizuri: kuku wawili, nyama ya kusaga kilo mbili, na minofu ya sangara. Tule? (Baba wa familia, Buswelu)

JIBU: Poleni na msiba. Hii ndiyo hali mbaya kuliko zote katika barua hizi, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kibaya. Nyama inayonuka inajitangaza yenyewe. Iliyoyeyuka siku mbili ikaganda tena inakaa kimya.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Hesabu hiyo inachukulia kwamba ilikuwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri umeme ulipokatika na kwamba hakuna aliyefungua kuchungulia. Jiko lenye bati bila dari mchana wa Mwanza ni joto, kwa hiyo ipunguzeni wenyewe. Ujumbe wa luku kwenye simu ya jirani utawaambia umeme ulirudi saa ngapi. Hautawaambia uliisha lini, lakini mnajua zilibaki uniti ngapi mlipoondoka na nyumba hula ngapi kwa siku. Gawanyeni, mtapata siku.

Jibu likitoka chini ya siku moja, friza ilikuwa imejaa, na kitako cha mifuko hakina kisahani cha damu, pikeni wiki hii. Likitoka zaidi ya siku mbili, au mifuko ikionyesha kwamba vitu viliyeyuka kabisa, tupeni, na msibague. Katikati ya hapo kagueni tabaka kwa tabaka. Kwenye friza ya mfuniko wa juu baridi huzama, hivyo vitu vya chini huweza kuwa vimebaki jiwe wakati vya juu vimelainika. Msiihurumie nyama ya kusaga: mnofu mzima una bakteria juu tu, moto ukiugusa wanakufa, lakini mashine ya kusaga imewachukua wa juu ikawachanganya mpaka katikati. Shaka yoyote, hiyo iende kwanza. Minofu ya samaki inafuata.

Kwa safari ijayo, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kiache frizani. Mkirudi na sarafu iko juu, hakuna kilichoyeyuka. Ikiwa katikati, barafu iliyeyuka nusu. Ikiwa chini, mnajua la kufanya bila kubishana. Na nafasi tupu za friza zijazeni chupa za maji za lita moja na nusu, zikipunguzwa maji vidole vitatu ili zisipasuke. Friza tupu haina baridi ya kutunza.

SWALI: Nina mgahawa mdogo. Nimeanza kutoa sangara na sato niliowagandisha siku moja, friza moja, na sasa wana mwezi wa nne humo. Sato wako sawa. Sangara wana harufu ya mafuta ya zamani, na kwenye tumbo wamekuwa njano. Wateja wanalalamika, wengine wanasema minofu ni kama pamba. Umeme haujawahi kukatika zaidi ya saa mbili. (Mwenye mgahawa, Kirumba)

JIBU: Mafuta. Sangara ana mafuta kuliko sato, hasa akiwa mkubwa, na mengi yako tumboni. Mafuta ya samaki hushambuliwa na hewa upesi kuliko ya ng'ombe, na baridi hupunguza mwendo wa kazi hiyo bila kuisimamisha. Bakteria hawahusiki. Huu njano na harufu kama rangi ya kupaka mlango hautampeleka mteja hospitali, ila hautamrudisha mgahawani pia. Kata sehemu zote za njano na ngozi ya tumbo, iliyobaki jaribu kipande kimoja kwenye mchuzi wa nazi au wa karanga. Usikaange: harufu itaingia kwenye mafuta ya karai na sato wote wa siku hiyo watanuka hivyo. Sangara mnene mpe miezi 2, ikizidi 3. Sato anafika 6.

Kinachosaidia sana ni kumvisha samaki barafu. Mgandishe kwanza bila kumfunga, akiwa amelala peke yake kwenye sinia mpaka awe jiwe. Mtoe, mchovye kwenye beseni la maji safi yenye vipande vya barafu kwa sekunde chache, mrudishe kwenye sinia. Baada ya dakika kumi rudia, mara tatu. Atapata koti la kioo linalozuia hewa. Ndipo umfunge kwenye nailoni. Koti hilo likipasuka au kupauka baada ya wiki kadhaa, mchovye tena.

Hilo la pamba lina sababu nyingine, nadhani unaijua ila unaisukuma kando: ulijaza. Friza ya lita 200 isipewe zaidi ya kilo 7 hadi 10 za samaki wabichi kwa siku. Ukiipa kilo 30 inaganda polepole, na barafu inayoundwa polepole huwa na chembe kubwa zenye ncha zinazopasua minofu kwa ndani. Siku ya kuyeyusha maji yote yanamwagika, unabaki na nyuzi. Minofu ipangwe bapa, unene usizidi sentimita 3, sinia zisibebane siku ya kwanza.

Na tazama saa ya kununua. Sangara aliyekaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tangu alfajiri mpaka saa sita mchana bila barafu ameshatumia muda wake, na friza hairudishi saa nyuma. Nenda na boksi lako: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, barafu chini, katikati na juu. Toa matamvua na utumbo kabla ya kugandisha, maana huko ndiko kuoza kunakoanzia.

SWALI: Friji yangu ni ndogo ya mlango mmoja. Nyama iliyokaa kwenye kile kisehemu cha barafu mwezi na nusu imeanza kunuka kidogo. Rafiki yangu geto anasema nioshe kwa ndimu na siki, kisha nichemshe na tangawizi saa nzima, itakuwa safi. (Mwanachuo, Nyegezi)

JIBU: Itanukia vizuri. Safi haitakuwa. Ndimu, siki na tangawizi vinaficha harufu ambayo ndiyo ilikuwa inakuonya. Kuchemsha kunaua bakteria walio hai, lakini baadhi yao hutoa sumu kabla hawajafa, na sumu ya stafilokoka haiharibiki kwa kuchemshwa hata saa nzima. Mtu akiila hutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Tupa.

Kuhusu friji, tafuta alama za nyota kwenye kimlango cha kisehemu hicho. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, nyama ikae wiki moja. Mbili ni nyuzi 12, mwezi. Tatu ni nyuzi 18, miezi mitatu. Nne ndiyo friza kamili inayoweza kugandisha kitu kibichi. Friji nyingi ndogo zina moja au hazina kabisa, na barafu nene iliyojijenga ukutani hupunguza nguvu zaidi. Ikifika unene wa nusu sentimita, zima uiyeyushe. Usiichokonoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi.

SWALI: Kuku wa kisasa niliyemtoa frizani nimempika vizuri, lakini nikimfungua mifupa ya paja ni myeusi na nyama ya pembeni ina wekundu. Je, alikuwa mbovu? (Msomaji, Pasiansi)

JIBU: Hapana. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa yake bado ina matundu. Akigandishwa, rangi ya uboho hupenya nje, na moto huigeuza kuwa nyeusi. Kipimo cha kuiva ni nyuzi 74 kwenye sehemu nene ya paja, kwa kipimajoto cha nyama. Asiye nacho achome kwa kisu mpaka kwenye kiungo: majimaji yatoke maangavu na nyama iachane na mfupa bila kulazimishwa. Mwanza maji huchemka karibu nyuzi 96 kwa sababu ziwa liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini 96 bado ziko mbali juu ya 74, kwa hiyo asikutishe mtu. Na usimkaange akiwa na barafu katikati: nje atakuwa mwekundu wa kupendeza, kwenye kiungo mbichi.

SWALI: Ni kweli kitimoto (nyama ya nguruwe) ikigandishwa minyoo inakufa? (Mpenzi wa kitimoto, Sengerema)

JIBU: Lava wa tegu wanakufa, ikiwa baridi imefika katikati: siku 4 kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, siku 3 kwenye nyuzi 15, siku 1 kwenye nyuzi 24. Friza ya nyumbani na pande kubwa la mguu huchukua muda kufika huko ndani, kwa hiyo kata vipande na upe wiki nzima. Ukiona vifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya msuli, usinunue, na umwambie mkaguzi wa nyama. Bado ipikwe mpaka katikati isiwe na upinki. Ugonjwa wa tegu kichwani, ule unaoleta kifafa, hutokana na mayai ya tegu yaliyo kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, kwa hiyo choo na kunawa mikono vinahusika kuliko friza.

Kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu, ni habari nyingine kabisa. Mbegu zake haziuliwi na friza, na sufuria usiitegemee. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikitoka puani bila kuganda, asichunwe wala asigawanywe hata kama wanakijiji wanasema ni hasara. Aitwe afisa mifugo.

SWALI: Nyama ikishayeyuka naweza kuirudisha frizani? Nimeyeyusha kilo tatu, wageni hawakuja. (Msomaji, Misungwi)

JIBU: Ikiwa iliyeyukia ndani ya friji na haijatoka humo zaidi ya siku tatu, irudishe, itapoteza maji kidogo, usafi haujapungua. Nyama ya kusaga, kuku na samaki wapewe siku moja au mbili tu. Ikiwa iliyeyukia kwenye beseni la maji, ipike kwanza, kisha ugandishe mchuzi. Ikiwa ilikaa juu ya meza zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ya joto la kupita nyuzi 32, hairudi popote.

Mchuzi usiingie frizani ndani ya sufuria ya moto. Umwage kwenye vyombo vifupi, kina cha vidole vitatu, uviweke ndani ya beseni la maji baridi na kukoroga mpaka uache kutoa moshi. Ndani ya saa mbili uwe umeshaingia kwenye baridi. Bandika kipande cha mkanda wa karatasi juu ya mfuniko, andika kwa maka peni tarehe na kilichomo. Baada ya mwezi mmoja, mchuzi wa mbuzi na maharage ya nazi yakiwa yameganda hufanana kabisa.